Walinda amani kwenye mipaka yenye mgogoro: maswali ya familia za Unguja na Pemba

Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa barzani, skuli na hata msibani, Unguja na Pemba. Wengi wanaouliza wana mtoto, mume au ndugu katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) au katika Polisi. Wengine wamesikia Lebanon, au Abyei iliyo baina ya Sudan na Sudan Kusini, kwenye taarifa ya habari wakataka kufahamu. Nimeshughulika zaidi na kazi ya aina moja, ile ya kusimama baina ya pande mbili zinazogombea mpaka, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa sana na kueleweka kidogo.

Mlinda amani anafanya kazi gani hasa pale mpakani?

Kazi yake kubwa ni kuona, kuandika na kuarifu. Anakaa kituo cha uangalizi na darubini. Anapita doria kwa gari na kwa miguu, mchana na usiku, katika njia zilezile mpaka anazijua jiwe kwa jiwe. Likitokea jambo jipya, handaki ambalo jana halikuwapo, uzio uliosogezwa, watu wenye bunduki pahala pasiporuhusiwa bunduki, analiandika na kulipeleka kwa wakubwa wake siku hiyohiyo. Makao makuu ya kikosi yanapiga simu kwa pande zote mbili.

Simu hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Kamanda wa upande mmoja akiona vumbi linatimka ng'ambo, hajui kama ni vifaru vinakuja au ni lori la maji. Akikisia vibaya atafyatua, na wa ng'ambo atajibu, na kufika jioni vijiji viwili vinakimbiwa. Mlinda amani anaweza kuwaambia wote wawili kilichopo kweli, maana yuko palepale na hana ardhi anayoigombea.

Wapemba tunalijua jambo hili kwa ugomvi wa mashamba ya mikarafuu. Sheha anawaambia majirani wawili: asipande mtu wala asing'oe mtu mpaka kesi yenu imalizike. Sheha hakupima shamba wala hakuhukumu. Alichofanya ni kuzuia mapanga yasitoke.

Zaidi ya hapo wapo wanaotegua mabomu ya ardhini, wanaowasindikiza wakulima wakavune karibu na mstari, na madaktari wa kikosi wanaotibu wanavijiji.

Wana silaha. Kwa nini hawawazuii wanaovamia?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na wenye hasira nawaelewa. Ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa umejengwa juu ya mambo matatu: ridhaa ya pande zinazohusika, kutopendelea, na kutotumia nguvu isipokuwa kujilinda na kuilinda kazi waliyotumwa. Kikosi kikianza kupigana na upande mmoja, kwa upande huo kimekuwa adui kama adui mwengine, na ile simu haipokelewi tena.

Kisha kuna suala la nguvu zenyewe. Kikosi cha Lebanon, UNIFIL, kwa miaka mingi kilikuwa na askari kiasi cha 10,000 kutoka mataifa zaidi ya 40, wenye silaha nyepesi na magari ya deraya. Upande mmoja wa mstari lipo jeshi la Israel na ndege zake za kivita, na upande wa pili Hizbullah na makombora yake. Askari wa UNIFIL hawakuletwa kuyashinda majeshi hayo, na hawawezi.

Mamlaka nayo hutofautiana kwa kila kikosi. Baraza la Usalama linaandika katika azimio kila kikosi kiruhusiwe nini. Kikosi cha Abyei kimepewa ruhusa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kutumia nguvu kuwalinda raia walio katika hatari ya wazi. Kikosi cha Uhabeshi (Ethiopia) na Eritrea kilikuwa cha kuangalia tu. Kwa hiyo kabla ya kusema "wamekaa bure", tuulize kwanza wametumwa nini, na aliyewatuma ni nani. Mara nyingi lawama inawaangukia askari hali ya kuwa wenye deni ni wanadiplomasia waliokaa New York wakakubaliana maneno mepesi.

Huo Mstari wa Buluu wa Lebanon ndio mpaka?

Sio. Israel ilipoondoka kusini mwa Lebanon mwaka 2000, wapimaji wa Umoja wa Mataifa walichora mstari wa kiasi cha kilomita 120 ili kuhakikisha kwamba kweli majeshi yametoka yote. Ni mstari wa kuthibitisha kuondoka kwa jeshi, na mpaka halali wa nchi mbili hizo bado haujakubaliwa. Katika sehemu zilizokwisha kupimwa kwa pamoja wameweka mapipa ya buluu, ndio maana ukiona picha za eneo lile utayaona mapipa yamesimama peke yake kwenye mawe na vichaka.

Mtu akifikiri mapipa ni mchezo, akumbuke tarehe 3 Agosti 2010, kijiji cha Adaisseh. Wanajeshi wa Israel walitaka kukata mti uliokuwa umeuziba uzio wao wa umeme. Uzio ule haufuati Mstari wa Buluu sawasawa, umerudi nyuma kidogo, kwa hiyo mti ulikuwa mbele ya uzio lakini nyuma ya mstari. Wanajeshi wa Lebanon waliona adui anavuka. Walinda amani walikuwapo wakijaribu kuwaomba wote wangoje. Risasi zikalia. Walikufa wanajeshi wawili wa Lebanon, mwandishi wa habari mmoja wa Lebanon na ofisa mmoja wa Israel. UNIFIL walipopima walithibitisha kwamba mti ulikuwa upande wa Israel.

Roho nne kwa mti mmoja. Na wiki ile ile makamanda wa Lebanon na wa Israel walikaa meza moja Naqoura, makao makuu ya UNIFIL, mbele ya jenerali wa kikosi, kwa sababu ile ndiyo meza pekee waliyokuwa nayo. Vita haikuzuka. Ilikuja kuzuka baadaye, mwishoni mwa 2023, kwa sababu nyengine kubwa zaidi ambazo meza ile haikuweza kuzibeba.

Watanzania wamewahi kutumwa kwenye mipaka ya namna hii?

Ndiyo. Lebanon tumekuwa na kikosi cha polisi jeshi chini ya UNIFIL. Kazi yao ni nidhamu ya askari wa Umoja wa Mataifa wenyewe, usalama barabarani, kuchunguza ajali na makosa, na ulinzi wa milango ya kambi. Uhabeshi na Eritrea tulipeleka waangalizi wa kijeshi, maofisa wasiobeba silaha. Abyei pia wamekwenda maofisa wetu wachache.

Vikosi vyetu vikubwa vilikwenda kwengine, Darfur, mashariki ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako shida kubwa ni makundi yenye silaha ndani ya nchi. Kongo mwaka 2013 askari wetu waliingia katika brigedi iliyopewa ruhusa ya kuyashambulia makundi hayo. Hiyo ni kazi tafauti kabisa na ya kusimama mpakani, na kuchanganya mbili hizi ndiko kunakozaa maswali mengi.

Upande mmoja ukisema "tokeni", inakuwaje?

Wanatoka. Mfano wake ni Eritrea, na kwa Mzanzibari una uzito wake.

Vita vya Uhabeshi na Eritrea vilianza Mei 1998 kwa ugomvi wa Badme, mji mdogo wa vumbi ambao watu wengi duniani hawakuwahi kuusikia. Kwa makadirio ya kawaida walikufa watu kati ya 70,000 na 100,000 katika miaka miwili. Usuluhishi uliongozwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ambao Katibu Mkuu wake wakati huo alikuwa Mzanzibari, Dk. Salim Ahmed Salim. Mapigano yalisimamishwa kwa mkataba wa Juni 2000, na tarehe 12 Desemba 2000 viongozi wa nchi hizo mbili, Meles Zenawi na Isaias Afwerki, walitia saini mkataba wa amani mjini Algiers.

Ule mkataba ulikuwa umefikiriwa vizuri. Likawekwa eneo la usalama la upana wa kilomita 25, lote ndani ya ardhi ya Eritrea, lisiwe na jeshi la upande wowote. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNMEE, cha askari wasiozidi 4,200, kikaingia kuliangalia. Na ikaundwa tume ya kuamua mpaka, ambayo pande zote mbili ziliahidi kwamba uamuzi wake utakuwa wa mwisho.

Tume ikaamua Aprili 2002. Badme ikawekwa upande wa Eritrea. Uhabeshi ukakataa kuiachia.

Hapo ndipo kikosi kilipokwama, na askari hawakuwa na kosa. Eritrea ilisema: sisi tumeshinda kesi, eneo la usalama limechukuliwa katika ardhi yetu, na aliyeshindwa bado amekaa Badme, mnamlinda nani? Oktoba 2005 ikazipiga marufuku helikopta za UNMEE. Mwaka huohuo ikawafukuza askari na watumishi wa kutoka Marekani, Kanada, Ulaya na Urusi. Kisha ikawakatia mafuta, na gari bila ya mafuta haziendi doria. Tarehe 31 Julai 2008 kikosi kikafungwa rasmi.

Mimi naamini Eritrea ilikuwa na haki katika hoja yake na ilikosea katika hatua yake. Lakini nawalaumu zaidi waliokuwa na uwezo wa kuubana Uhabeshi utekeleze uamuzi wa tume wakanyamaza. Miaka kumi baadaye, Juni 2018, Waziri Mkuu wa Uhabeshi, Abiy Ahmed, alikubali uamuzi ule, Julai akaenda Asmara, mji mkuu wa Eritrea, na mipaka ikafunguliwa Septemba. Familia zilizotengana miaka ishirini zikakutana. Vituo hivyo vikafungwa tena baada ya miezi, na hali ya nchi mbili hizo imekuwa ya wasiwasi mara kwa mara tangu hapo.

Tukio hili linaonyesha mpaka wa uwezo wa kofia za buluu, yaani walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Wanaweza kuwanunulia wagomvi muda. Muda huo wakiutumia wenyewe vibaya, au wakubwa wa dunia wakiuacha upite, hakuna doria itakayoumaliza ugomvi.

Abyei ni nchi gani? Mbona kila siku inatajwa na haimalizwi?

Abyei ni eneo la kiasi cha kilomita za mraba 10,500 baina ya Sudan na Sudan Kusini, na hatima yake haijaamuliwa. Wenyeji wa kudumu ni Wadinka wa Ngok. Kila kiangazi Wamisseriya, wafugaji Waarabu wa kaskazini, wanateremsha ng'ombe wao kufuata maji na majani, kisha mvua zikianza wanarudi. Wamefanya hivyo vizazi kwa vizazi. Makosa ni kulitaka jambo la misimu liingie katika mstari wa wino.

Kura ya maoni ya Abyei ilikuwa ifanyike Januari 2011, sambamba na ile ya uhuru wa Sudan Kusini. Haikufanyika, kwa sababu hawakukubaliana nani ana haki ya kupiga kura: wanaoishi mwaka mzima tu, au hata wanaokuja na ng'ombe? Mei 2011 jeshi la Sudan likauteka mji wa Abyei, na watu kiasi cha laki moja wakakimbilia kusini. Tarehe 27 Juni 2011 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1990 kuunda kikosi cha UNISFA. Askari wake mwanzo walikuwa karibu wote Wahabeshi, kwa sababu Khartoum na Juba, yaani serikali za Sudan na Sudan Kusini, zote mbili ziliwaamini.

Imani nayo huisha. Sudan ilipoanza kugombana na Uhabeshi juu ya ardhi ya al-Fashaga, ikasema haiwataki tena Wahabeshi Abyei. Kuanzia 2022 nafasi zao zikachukuliwa na askari wa mataifa mbalimbali, wakiwemo wa Ghana, India, Pakistan na Bangladesh.

Kazi iliyonivutia zaidi kule sio ya bunduki. Kila kabla ya msimu wa kuhama, UNISFA na mashirika mengine husaidia kuwakutanisha wazee wa Ngok na wa Misseriya wakubaliane njia za ng'ombe, malipo ya mifugo iliyoibiwa na fidia ya damu. Na kuna soko la pamoja la Amiet, kaskazini ya mji wa Abyei. Bidhaa za Khartoum zinateremka, watu wa kusini wanakuja kununua, na Mdinka na Mmisseriya wanapatana bei chini ya ulinzi wa walinda amani. Watu waliouliwa ndugu zao wanauziana sukari na chumvi. Soko hilo limewahi kushambuliwa na kusimama, na likafunguliwa tena.

Na sitaki kuficha upande wa pili. Tarehe 4 Mei 2013 mtemi mkuu wa Ngok, Kuol Deng Kuol, aliuawa akiwa ndani ya msafara wa UNISFA uliozuiwa na Wamisseriya wenye silaha. Mlinda amani mmoja wa Kihabeshi aliuawa pamoja naye. Wadinka hawajaisahau siku ile, na wana haki.

Tangu Aprili 2023 Sudan yenyewe imo vitani, hivyo hakuna serikali iliyotulia Khartoum ya kuzungumza nayo habari za Abyei. Ndio maana haimalizwi.

Basi nani mwenye haki ya kuamua mpaka ni wa nani?

Wenye nchi wenyewe, kwa mazungumzo, au mahakama waliyokubaliana kuiendea. Mlinda amani hana kauli hapo, hata kama amelala kwenye ardhi hiyo miaka mitano.

Afrika ina kanuni yake tangu Julai 1964. Mkutano wa wakuu wa OAU mjini Cairo uliamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo siku ilipopata uhuru. Hoja ile iliwasilishwa na Tanzania chini ya Mwalimu Nyerere, miezi mitatu tu baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Somalia na Morocco hazikuikubali. Mipaka ya wakoloni ilikuwa mibovu na kila mtu mkutanoni aliijua kuwa mibovu, lakini waliona kuifungua upya kutaleta damu zaidi. Nikitazama Badme, naona walikuwa na sababu.

Wapo waliomaliza bila ya kikosi kikubwa cha kijeshi. Nigeria na Cameroon ziligombea rasi ya Bakassi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua Oktoba 2002 kuwa ni ya Cameroon. Wanaijeria walikasirika, lakini Rais Olusegun Obasanjo na Rais Paul Biya wakatia saini makubaliano Juni 2006, jeshi la Nigeria likaondoka, na makabidhiano yakakamilika Agosti 2008. Umoja wa Mataifa ulisaidia kwa tume ya pamoja ya kupima na kuweka alama. Nigeria ni kubwa mara nyingi kuliko Cameroon na ingeweza kukataa kama ulivyokataa Uhabeshi. Haikukataa.

Mgogoro wetu na Malawi juu ya Ziwa Nyasa unaweza kuletewa kofia za buluu?

Hakuna dalili. Hakuna majeshi yanayopigana pale. Shauri hilo lilipelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, na wavuvi wa pande zote mbili wanaendelea kuvua. Walinda amani huja damu ikishamwagika na pande zikakubali kutenganishwa. Tuombe tusifike.

Mwanangu anaweza kufa kule?

Anaweza. Sitamdanganya mzazi.

Tangu 1948 walinda amani zaidi ya 4,000 wamefariki kazini duniani kote, kwa mashambulizi, ajali na maradhi. UNIFIL peke yake imepoteza zaidi ya 330, zaidi ya kikosi chochote chengine. Sisi Watanzania tulizika saba baada ya shambulizi la Darfur la Julai 2013. Kisha ukaja usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ambapo askari wetu 15 waliuawa. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Zanzibar. Wengi wetu tulisimama kwenye khitma zao, na mtu akisema ulinzi wa amani ni safari ya kwenda kutafuta dola, huwa namkumbusha Semuliki.

Kwenye mpaka wenye majeshi mawili hatari yake ni ya namna nyengine. Siku nyingi ni za kuchosha: kutazama kilima kilekile kwa saa nane. Kisha inakuja siku moja mizinga inapita juu ya kichwa. Oktoba 2024 Israel iliitaka UNIFIL irudi nyuma kilomita tano kutoka kwenye Mstari wa Buluu. UNIFIL ilikataa, kwa kuwa Baraza la Usalama ndilo lililowaweka pale. Tarehe 10 Oktoba kifaru cha Israel kikapiga mnara wa uangalizi wa makao makuu ya Naqoura, na Waindonesia wawili wakaanguka na kujeruhiwa. Wenzao walibaki vituoni mpaka mapigano yaliposimamishwa tarehe 27 Novemba.

Kumshambulia mlinda amani ni uhalifu wa kivita kwa Mkataba wa Roma wa 1998. Wanaoshtakiwa ni wachache mno, na hili linatuuma.

Analipwa kiasi gani?

Askari wa kikosi anaendelea kulipwa mshahara na jeshi lake. Umoja wa Mataifa unairudishia serikali dola 1,400 na ushee kwa kila askari kwa mwezi, na serikali ndiyo inayopanga posho ya askari wake. Moja kwa moja mkononi, Umoja wa Mataifa humpa askari wa kikosi dola 1.28 kwa siku. Waangalizi wa kijeshi na maofisa wa makao makuu wana utaratibu mwengine, wao hupewa posho ya kujikimu moja kwa moja. Usipange kujenga nyumba kwa hesabu ya jirani, muulize mwenyewe.

Chakula, Ramadhani, baridi, simu?

Kila kikosi kina wapishi wake, na Umoja wa Mataifa huleta vyakula vibichi kwa kuzingatia dini na desturi za askari. Waislamu wanafunga na kusali. Lebanon kusini adhana inasikika kijiji kwa kijiji, na kuna vikosi vya Indonesia na Malaysia vilevile. Baridi ndiyo inayowaonea watu wa kwetu. Milima ya Lebanon huanguka theluji, na kijana aliyezaliwa Micheweni anahitaji nguo nzito kuanzia Novemba. Saa za Lebanon majira ya joto ni sawa na zetu. Majira ya baridi wako nyuma kwa saa moja.

Mtoto wa kike anaweza kwenda?

Anaweza na anahitajika. Tangu azimio namba 1325 la Oktoba 2000 Umoja wa Mataifa umekuwa ukizihimiza nchi zipeleke wanawake zaidi. Sababu yake ni ya kazi. Doria ya wanaume peke yao ikiingia kijijini, nusu ya kijiji inajifungia ndani. Askari wa kike anakaa na kina mama, na kina mama ndio wanaojua nani aliyepita usiku, kisima gani kimekauka, mtoto wa nani hajarudi.

Walinda amani wakifanya maovu wao wenyewe?

Wanarudishwa kwao, na nchi yao ndiyo yenye mamlaka ya kuwashitaki. Tusijifanye halituhusu. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha Watanzania 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake wa pale. Mwanamke aliyekimbilia kwa mlinda amani akaumizwa naye hana tena pa kukimbilia. Familia zetu zina haki ya kujivunia askari wetu, na kwa sababu hiyohiyo tuna wajibu wa kutaka kesi kama hizi zisikilizwe mpaka mwisho na hukumu zijulikane.

Kijana anaingiaje katika kazi hii?

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Njia ni kuwa askari wa JWTZ au wa Jeshi la Polisi kwanza, kisha kuchaguliwa. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo Mzanzibari anaingia JWTZ sawa na Mtanzania mwengine, na vijana wengi wa huku hupitia JKU. Lakini JKU, KMKM na idara maalumu nyengine za SMZ sio JWTZ. Kuajiriwa huko peke yake hakukupeleki Lebanon.

Akitokea mtu akakwambia atakuingiza Umoja wa Mataifa kwa ada ya fomu, ya upimaji au ya pasipoti, ni tapeli. Umoja wa Mataifa hautozi hata senti moja katika hatua yoyote ya ajira.

Nimesikia Lebanon panafungwa. Ni kweli?

Kweli. Agosti 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2790 la kuiongezea UNIFIL muda kwa mara ya mwisho, mpaka tarehe 31 Desemba 2026, kisha askari waondoke ndani ya mwaka mmoja. Kikosi kiliundwa Machi 1978 kiwe cha muda, na kimekaa karibu miaka hamsini. Kusini mwa Lebanon patabaki mikononi mwa jeshi la Lebanon. Kwangu mimi ni uamuzi wa haraka. Jeshi lile limechoka na halina pesa, na sijui meza gani itairithi ile ya Naqoura.

Kumetokea shambulizi na simu ya mtu wangu haipatikani. Nifanye nini?

Kukatika mawasiliano baada ya shambulizi ni kawaida. Mara nyingi makamanda wenyewe huzuia simu kwa usalama. Uliza kupitia kikosi alichotoka hapa nchini. Kabla hajasafiri, hakikisha ameandika jeshini jina na namba ya ndugu wa kuarifiwa, na namba hiyo iwe inafanya kazi. Usiandike mtandaoni alipo wala lini anabadilisha kituo. Na picha za majeruhi au orodha za majina zikifika kwenye simu yako, usizisambaze. Jeshi huzijulisha familia kwanza, ana kwa ana, na si haki mama kumjua mwanawe aliyekufa kwa picha iliyopita makundi kumi ya WhatsApp.